Siri ya chumvi ndani ya sabuni ya maji

MTU yeyote aliyewahi kutengeneza sabuni ya maji ya kuuza, awe Jilore, Kakoneni au mjini Malindi, anaifahamu saa ya wasiwasi. Ungerol imekwisha kukorogwa, rangi imetiwa, lakini ndoo nzima bado ni nyepesi kama maji yaliyooshea mchele. Ndipo chumvi inapoanza kunyunyizwa kidogo kidogo, na ghafla mwiko unakuwa mzito mkononi.

Furaha hiyo huwa fupi kwa asiyejua kikomo. Anayezidisha chumvi akitaraji uzito zaidi huiona sabuni ikirudi kuwa nyepesi, na akiendelea hufanya ukungu na kujitenga. Mtaji wa kikundi, ambao aghalabu ni fedha za mchango, huishia ndani ya pipa moja.

Kosa hilo halitokani na mkosi wala mkono mbaya. Ungerol ni miongoni mwa kemikali ambazo wataalamu huziita safaktanti. Kila molekyuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia na kupenda mafuta. Zinapokuwa nyingi majini, molekyuli hizo hujikusanya makumi kwa makumi, mikia ndani na vichwa nje, zikafanya vidonge vidogo mno viitwavyo miseli. Vidonge vya mviringo hupishana bila taabu, na ndiyo sababu sabuni isiyo na chumvi humiminika kama maji.

Vichwa vya ungerol vina chaji hasi ya umeme, hivyo husukumana. Chumvi huleta chembe za sodiamu zenye chaji chanya, ambazo hutuliza ugomvi huo. Vichwa husogeleana, na vidonge hurefuka vikawa nyuzi ndefu zinazosokotana kama tambi ndani ya sufuria. Msokotano huo ndio uzito tunaouona. Chumvi ikipita kiasi, nyuzi huanza kutoa matawi, na makutano ya matawi hayo huteleza badala ya kushikana. Uzito unapotea.

Kiasi kinachofaa ni asilimia chache tu za mchanganyiko wote, lakini hakuna kipimo kimoja cha kila mahali. Visima vingi vilivyo karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, kwa hiyo anayetumia maji hayo ameanza kutia chumvi kabla hajafungua pakiti. Kanuni iliyofaulu kwa maji ya mfereji inaweza kufeli kabisa kwa maji ya kisima. Joto nalo hulegeza sabuni, na manukato huweza kuibadilisha. Busara ni kujaribu kwanza kwenye kikombe. Ikiwa chumvi imezidi kidogo, maji yasiyo na chumvi pamoja na ungerol zaidi huweza kurudisha uzito.

Jambo la ajabu zaidi huonekana sabuni inapotembea. Ikiwa imetulia ndani ya chupa ni nzito. Ikisukumwa kupitia tundu dogo hulegea, kwa kuwa tabaka moja linapoteleza juu ya jingine nyuzi hujilaza kuelekea mkondo unakokwenda. Ikitua, husokotana upya. Koroga sabuni nzito yenye mapovu madogo, kisha uache ghafla: mapovu hurudi nyuma kidogo, kana kwamba yamevutwa na mpira. Uji wa kawaida haufanyi hivyo.

Zipo pia safaktanti ambazo, zikiwa chache sana majini, hufanya kinyume: hukorogwa kwa nguvu zikawa nzito, kwa sababu mwendo wenyewe huzikutanisha miseli zao.

Mnunuzi naye ana la kuzingatia. Uzito wa sabuni si nguvu ya kusafisha. Chumvi ni rahisi kuliko ungerol, na muuzaji mjanja anaweza kupunguza ungerol na kuziba pengo kwa chumvi au unga wa kuzidisha uzito. Hata povu si shahidi wa kutegemewa. Kipimo cha haki ni kuhesabu sahani zenye mafuta zinazotakata kwa kijiko kimoja cha kila sabuni.

Elimu hiyo hiyo imevuka jikoni ikaingia kwenye mabomba. Maji yanayokwenda kasi bombani hupoteza nguvu nyingi katika vizingia vidogo vidogo. Safaktanti kidogo yenye nyuzi huvituliza vizingia hivyo na kuweza kupunguza msuguano kwa zaidi ya nusu. Nchini Ujapani mbinu hii imetumika katika mabomba ya kupooza na kupasha joto majengo. Pampu hukata nyuzi hizo, lakini baada ya muda mfupi hujiunga tena. Minyororo ya plastiki ikikatwa, imekatika.

Wakazi wa bonde la Sabaki wanaweza kuuliza iwapo dawa hiyo ingepunguza gharama ya umeme katika mitambo ya Baricho, inayosukuma maji hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Haiwezekani. Mabomba ya Ujapani huzungusha maji yale yale ndani ya mfumo uliofungwa, lakini maji ya Baricho ni ya kunywa, na kilichomo bombani hutoka mferejini.