Kulisha na Kuchaji Redio Skana ya Mkononi Ndani ya Gari: Suala la Istilahi na la Usalama

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna redio skana ya mkononi inavyopata umeme safarini kwa gari, na yanaonesha mahali ambapo msamiati wa Kiswahili unaotumika katika nchi za Maziwa Makuu unamsaidia mtumiaji na mahali unapomhatarisha. Hoja kuu ni kwamba vitendo viwili tofauti, yaani kukipa kifaa umeme ili kifanye kazi na kukirudishia betri umeme uliotumika, mara nyingi hutajwa kwa neno moja. Mkanganyiko huo si wa kinadharia tu, kwa kuwa betri isiyochajika ikichajiwa huweza kuvuja au kupasuka. Makala yanapendekeza jozi ya istilahi na namna ya kuandika maelekezo mafupi ya matumizi.

1. Utangulizi

Redio skana ni kipokezi kinachopita haraka katika orodha ya masafa na kusimama pale kinapokuta sauti. Haitumi mawimbi bali husikiliza tu. Ya mkononi hutosha kiganjani, na wanaoibeba garini ni watu wa aina nyingi: waongozaji wa misafara ya misaada, mafundi wa minara, wapenzi wa redio za ridhaa, na hata sisi watafiti tunaochunguza lugha ya mawasiliano ya angani na majini. Katika Kiswahili jina skana limekwisha kutwaliwa na mashine ya kunakili nyaraka, na kwa hiyo makala haya yanatumia redio skana kila inapoweza kutokea shaka.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtaalamu wa lugha ajishughulishe na waya na betri. Jibu ni kwamba maelekezo ya vifaa hivi hufika kwetu kwa Kiingereza, Kifaransa au Kichina, kisha hufasiriwa kwa mdomo dukani, garini au gereji. Ufasiri huo hufanywa na watu wenye ujuzi wa kazi, lakini haujapewa istilahi za kutosha, na usahihi wake huamua kama kifaa kitadumu au kitaungua.

2. Jiwe, kaa na moto

Ukanda wetu umezipa betri kavu majina yenye mantiki ya kuvutia. Katika Kinyarwanda na Kirundi huitwa mawe, amabuye. Katika Kiganda huitwa makaa, amanda. Wasemaji wengi wa Kiswahili nao husema mawe ya redio au mawe ya tochi. Sitiari ya kaa ni sahihi kabisa kwa betri ya zinki na kaboni: kaa huwaka, hutoa nguvu yake, hubaki jivu na hutupwa. Hakuna anayetarajia jivu lirudi kuwa kaa.

Hata hivyo, palizuka desturi ya kuyaanika mawe juani yanapochoka, na redio huimba tena kwa muda. Desturi hiyo ina msingi wa kisayansi, kwani joto huharakisha mmenyuko wa kikemikali uliobakia ndani ya betri. Jua haliongezi umeme wowote. Huwezesha mabaki kutoka. Kwa betri kavu ya kizazi kilichopita madhara yalikuwa madogo. Tatizo linaanza pale jina lile lile, mawe, linapopewa betri ya nikeli au ya lithiamu, na desturi ile ile ikahamia juu ya dashibodi ya gari. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani huweza kupita nyuzi 60 za Selisiasi sehemu ya mbele, ilhali betri nyingi za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45.

Neno moto lina utata mkubwa zaidi. Mafundi wetu huita waya wenye umeme waya wa moto, na kwa mkondo huo huo wa fikra betri yenye umeme husemwa kuwa ina moto. Mtu akiwa kiti cha nyuma akisema “betri ina moto”, je, anamtuliza dereva kwamba imejaa, au anamwonya kwamba imepata joto la kutisha? Muktadha wa kawaida husaidia kutofautisha. Katika maandishi yaliyobandikwa kwenye chaja, muktadha huo haupo.

3. Safari ya umeme kutoka betri ya gari

Betri ya gari dogo huitwa ya volti 12, lakini namba hiyo ni jina tu. Ina seli sita za risasi na asidi, na ikiwa imejaa na gari limezimwa hutoa takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, altaneta huipandisha hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Malori na mabasi mengi makubwa hutumia mfumo wa volti 24. Zaidi ya hayo, mfumo wa gari una misukosuko: betri ikichomoka ghafla wakati altaneta inachaji, volti hupaa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2, kinachotumika kupimia vifaa vya magari, kinataja mpigo wa volti 79 hadi 101 kwa mfumo wa volti 12 usio na kinga. Hakuna redio ya mkononi inayostahimili mpigo huo ikiunganishwa moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo, kati ya tundu la kuwashia sigara na redio lazima pawe na kipunguza volti. Kwa skana za sasa kinachofaa ni chaja ya USB ya gari iliyoandikwa kwamba hupokea volti 12 hadi 24. Hiyo hutoa volti 5 thabiti, na skana nyingi ndogo hutosheka na mkondo usiozidi nusu ampea. Skana za zamani hupokea volti 6 au 9 kupitia kijitundu cha mviringo, na hapo hatari ni mbili: volti isiyofaa, na ncha zilizogeuzwa. Watengenezaji hawakukubaliana kama ncha ya katikati iwe chanya au hasi. Alama huchapwa kando ya kijitundu, nayo ndiyo ya kufuatwa, hata kama plagi imeingia bila kusukumwa.

Wapo wanaochomeka inverta garini, wakapata umeme wa volti 230, kisha wakachomeka chaja ya nyumbani. Inafanya kazi, lakini ni kuzunguka mlima ili kufika mlango wa jirani: umeme hupandishwa kisha hushushwa, na kila hatua hupoteza sehemu kwa joto. Inverta yenyewe hula mkondo hata kama hakuna kilichochomekwa.

Je, skana itamaliza betri ya gari usiku? Hesabu ni rahisi. Nusu ampea kwa volti 5 ni wati 2.5. Tukichukua kwamba chaja hufikisha asilimia 85 ya umeme inaoupokea, betri ya gari hutoa karibu robo ampea. Kwa saa 10 hiyo ni takriban ampea-saa 2.5, chini ya asilimia 5 ya betri ya ampea-saa 60. Hofu hiyo, basi, haina msingi kwa betri nzima. Kwa betri iliyozeeka, ambayo asubuhi huwashwa kwa kusukuma gari, asilimia hizo ni nyingi. Itambulike pia kwamba katika magari mengine tundu hufa ufunguo ukizimwa, na katika mengine huendelea kuwa hai.

4. Kulisha si kuchaji

Hapa ndipo lugha na ufundi hukutana. Chukulia skana ya Uniden BC125AT. Hutumia betri mbili za ukubwa wa AA, na ndani ya kichumba cha betri mna swichi ndogo ya kuchagua aina: alkali au nikeli. Swichi ikiwa upande wa nikeli, umeme wa USB huweza kuzichaji betri zilizomo. Mtumiaji akiweka betri za alkali, ambazo ni za kutumia mara moja, na kuiacha swichi upande wa nikeli, kifaa hakina jicho la kumwonya. Betri ya alkali ikilazimishwa kuchajiwa huzalisha gesi. Hufura, huvuja hidroksaidi ya potasiamu inayotafuna viunganishi na kuunguza ngozi, na huweza kupasuka.

Mwambie mtu kwamba waya huu “unapeleka chaji kwenye redio”. Umemwambia nini? Kama redio inafanya kazi kwa umeme wa gari bila kuzigusa betri, au kama betri zinajazwa? Nomino chaji imebeba mzigo mzito: ni kiasi cha umeme kilichomo, ni kitendo cha kukijaza, na kwa baadhi ya wasemaji ni kifaa cha kujazia. Vivyo hivyo, “betri imekufa” husemwa kwa betri iliyoisha umeme na kwa ile iliyoharibika moja kwa moja.

Ninapendekeza kitenzi kulisha kitumike kwa kitendo cha kukipa kifaa umeme wa kufanyia kazi, na kuchaji kibaki kwa betri peke yake. Kulisha kinaeleweka mara moja, kinanyambulika vizuri (kulishwa, mlisho, ulishaji) na hakiazimi kitu. Kwa upande mwingine, sioni haja ya kubuni maneno mapya kwa fyuzi, altaneta au plagi. Maneno hayo yamekwisha kuota mizizi gereji, na msanifu anayeyang’oa anapanda mkanganyiko.

Muda nao huhitaji maelezo. Betri ya nikeli ya miliampea-saa 2,300 ikichajiwa taratibu kwa sehemu ya kumi ya uwezo wake, yaani miliampea 230, huhitaji saa 14 hadi 16, si 10, kwa kuwa si umeme wote unaoingia unaohifadhiwa. Safari ya barabara kutoka Kampala hadi Kigali, takriban kilomita 500, haitoshi kuijaza kutoka sifuri. Kwa msafiri ni busara zaidi kubeba jozi ya pili iliyojazwa nyumbani. Betri za nikeli zisizopoteza umeme haraka zikiwekwa zimekuwepo sokoni tangu 2005.

5. Kelele

Chaja ya USB hushusha volti kwa kukata na kuunganisha mkondo mara nyingi sana kwa sekunde, na kitendo hicho chenyewe hutoa mawimbi. Skana iliyo karibu huyasikia. Masafa ya ndege, megahezi 118 hadi 137, huathirika zaidi kwa kuwa hutumia urekebishaji wa ukubwa wa wimbi. Jaribio ni la dakika moja: chomoa chaja, uache redio ilishwe na betri zake, mlio ukitoweka, chaja ndiyo yenye hatia. Pete ya feraiti kwenye waya hupunguza, na antena ya nje ya gari husaidia zaidi. Kwa mtafiti anayerekodi sauti kwa ajili ya uchambuzi wa fonetiki, njia safi ni kusikiliza kwa betri na kuchaji wakati wa mapumziko.

6. Sheria na maelekezo

Kuwa na chaja sahihi si kuwa na ruhusa. Katika jimbo la New York, kwa mfano, kifungu cha 397 cha sheria ya magari kinazuia kuweka garini kipokezi cha masafa ya polisi bila kibali, ingawa wenye leseni ya redio ya ridhaa wameachiwa nafasi. Anayevuka mpaka aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi anayoingia kabla ya kuchomeka chochote.

Kwa washauri wa sera, pendekezo langu ni dogo na linapimika. Kifaa chenye betri kinachoingizwa katika soko la Afrika Mashariki kiwe na kibandiko cha Kiswahili karibu na kichumba cha betri, chenye sentensi zisizozidi nne, na kibandiko hicho kijaribiwe kwa madereva na mafundi kabla ya kuidhinishwa: wasome, kisha waeleze kwa maneno yao watakachofanya. Kwa skana iliyotajwa hapo juu, mfano ungekuwa huu: “Umeme wa gari hulisha redio hii. Betri za kutumia mara moja zisichajiwe. Sogeza swichi upande wa alkali. Usiziache betri juani.”