Usitupe Tableti Yako: Ijaribu Kwanza kwa Linux

Mama na dada wapenzi, kabla ya kutoa pesa ya minervali ya watoto ili kununua mashini mpya, someni kwanza habari hii.

Katika nyumba nyingi za Kolwezi iko ile kompyuta ya kugeuzwa: ukiifungua ni kompyuta, ukikunja kioo nyuma inakuwa tableti ya kugusa kwa kidole. Nyingi zinatumia Windows 10, nayo Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini nyingi za miaka ile hazipokei Windows 11. Muuzaji atakwambia imekufa. Mara nyingi haijafa. Inahitaji mfumo mwingine.

Linux ni mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki. Inatolewa kwa sura nyingi. Moja ni Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ndilo neno letu utu. Ubuntu 24.04 inataka kumbukumbu ya giga 4 na nafasi ya giga 25 kwenye diski. Inasema Kifaransa, na kioo cha kugusa inakifahamu.

Uzuri wake ni huu: unaweza kuijaribu bila kufuta kitu chochote.

Kabla ya kuanza

Angalia betri. Kama kioo kimeinuka au mgongo umevimba, acha. Usiichaje, usiitoboe, wala usiache watoto waichezee, mpelekee fundi.

Kama iko nzima, nakili picha, barua na hesabu za likelemba kwenye diski ya nje, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimefika. Chaji mpaka ijae, ili umeme ukikatika kazi isisimame katikati.

Tafuta fulashi ya giga 16 isiyo na kitu cha maana, maana itafutwa. Pakua Ubuntu kwenye tovuti yake yenyewe, kisha iandike kwenye fulashi kwa programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher. Kuinakili tu kama picha hakutoshi.

Jaribu kwa kidole

Zima mashini, chomeka fulashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Lenovo na Dell mara nyingi ni F12, kwa HP ni F9. Baada ya kuchagua lugha, chagua «Essayer», siyo «Installer».

Sasa ichunguze kama unavyochunguza nguo sokoni. Je, kioo kinasikia kidole pande zote na pembeni? Ukisimamisha mashini, picha inazunguka? Wi-Fi inaona mtandao? Sauti inatoka? Kamera inafanya kazi? Kusoma alama ya kidole mara nyingi kunakataa, na kamera za Surface za Microsoft zinasumbua. Mashini hizo huhitaji programu za ziada. Tableti za Android haziingii katika njia hii.

Kama jambo unalolihitaji halifanyi kazi, zima, chomoa fulashi. Windows yako iko palepale.

Ukiridhika

Ndipo uchague «Installer». Ukikubali kufuta diski yote, vilivyomo vyote vinaondoka. Kuwa makini na klaviye: mashini ya mtumba inaweza kuwa ya QWERTY, si AZERTY yetu. Ukichagua vibaya, A itatoka Q, na neno la siri litakukataa.

Baada ya hapo, fungua «Paramètres». Kwenye «Accessibilité» washa klaviye ya kwenye kioo, utakayoihitaji ukikunja mashini. Kwenye «Affichage» ongeza ukubwa, vitufe vitoshe kidole. Ukisoma umelala na picha inazunguka hovyo, funga mzunguko kwenye menyu ya juu kulia.

Kisha weka kazi ndani yake. GCompris ni michezo ya kujifunzia kwa watoto wa miaka 2 hadi 10, na jina lake linasikika kama «j'ai compris». Xournal++ inaruhusu kuandika kwa kalamu juu ya karatasi za masomo. LibreOffice inatosha kwa hesabu za biashara na likelemba. Kiwix inaweka Wikipedia ya Kifaransa ndani ya mashini, mtoto asome bila kununua mega.

Fulashi moja, nyumba nyingi

Kupakua Ubuntu kunakula karibu giga 6, na mega ni pesa. Lakini Linux haikatazi kugawana. Mama kumi wa Dilala au Manika wakichanga mara moja, fulashi ileile itapita nyumba hadi nyumba, na hakuna sheria inayovunjwa.

Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa huku kwetu, na sehemu yake inaingia kwenye betri za mashini kama hizi. Ile iliyokwisha kurudi Kolwezi ikiwa tableti, tuitumie mpaka ichoke kweli.