GARI KUTELEZA GEA ASUBUHI ZA KIPUPWE

Ndugu wanachama,

Baadhi yenu mwabeba karafuu kwa gari zijitiazo gea zenyewe. Wakati wa kipupwe, huenda gari ikanguruma asubuhi lakini isivute. Ikishapata moto, ikaenda vizuri. Dalili hiyo isidharauliwe.

Mafuta ya gea yakiwa baridi huwa mazito, na kina chake hushuka. Yakiwa machache, pampu huvuta hewa, na sahani za klachi hazikamatani sawasawa.

Kwanza, tazameni chini ya gari kama yavuja. Pili, pimeni kwa kijiti mahali tambarare, kama kisemavyo kitabu cha gari. Nyingi hupimwa injini ikiwaka, nyengine ikizimwa. Tatu, nuseni: mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yaonyesha sahani zimeungua.

Mafuta yakiwa kamili na safi, na gari huteleza ikiwa baridi tu, mara nyingi ni mipira ya ndani iliyokuwa migumu, au chujio limeziba. Ikiteleza hata ikiwa moto, yawezekana sahani au pampu imechakaa.

Msitie mafuta ya injini, wala msiipandishe mlima na magunia. Kila ikiteleza, sahani huungua, na kazi ya mipira hugeuka kazi ya giaboksi nzima.

Katibu