Fuko wa nyanda kame na siri ya uzee

Chini ya ardhi katika nyanda kame za kaskazini mwa Kenya, Isiolo ikiwemo, huishi fuko asiye na manyoya. Kwa uzani hampiti sana panya wa nyumbani. Hata hivyo, panya akitunzwa vyema huishi miaka mitatu hivi, ilhali fuko huyu hupita miaka 30.

Seli zinapotumia oksijeni kuzalisha nishati, hutoa pia kemikali kali zinazoharibu mafuta, protini na jeni. Kwa muda mrefu, wanasayansi wengi waliamini kwamba uharibifu huo ndio chanzo kikuu cha uzee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliitia doa imani hiyo: fuko alipatikana na uharibifu mwingi kuliko panya, hata akiwa kijana. Tofauti ni kwamba seli zake huustahimili.

Ustahimilivu wa seli huongozwa, kwa sehemu, na homoni. Insulini na mwenzake IGF-1, ambayo huchochewa na homoni ya ukuaji, huiarifu seli kwamba chakula kipo, hivyo ikue na kugawanyika. Ishara hiyo inapofifia, protini ziitwazo FOXO huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni za ulinzi, zikiwemo zinazotengeneza vimeng'enya vya kuzima kemikali hizo kali.

Mwaka 1993, Cynthia Kenyon na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba minyoo ambayo njia hiyo imedhoofishwa huishi maradufu. Mwaka 1996 iliripotiwa kwamba panya mbilikimo wasio na homoni ya ukuaji huwapita wenzao kwa umri.

Ajabu ni kuwa homoni iyo hiyo ya ukuaji hutangazwa kama dawa ya kurejesha ujana. Hakuna ushahidi kwamba humrefushia maisha mtu mzima mwenye afya. Badala yake, inaweza kumletea uvimbe, maumivu ya viungo na ongezeko la sukari mwilini.

Lakini msomaji asije akateleza upande wa pili. Mgonjwa wa kisukari aliyeandikiwa insulini akiiacha kwa kutamani umri wa fuko, atahatarisha uhai wake. Mwili huhitaji nafasi ya kukua na pia ya kujikarabati.