Je, Wajua? Angani hakuna kichaka cha kujificha

Katika hadithi, manowari za angani hunyemeleana gizani kama chui. Kwa kweli ni vigumu mno. Anga ya mbali ina baridi ya karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, kwa hiyo chumba cha mabaharia chenye nyuzi 20 tu huonekana kwenye darubini ya joto kama kaa la moto usiku. Zima injini, zima taa. Miili ya watu bado inatoa joto. Hata ishara dhaifu hunaswa kutoka mbali: chombo cha angani Voyager 1, kilichorushwa 1977, kina redio ya wati 23 hivi, nguvu ya balbu, na madishi makubwa ya NASA yanakisikia kutoka zaidi ya kilomita bilioni 24! Kinachomponza mtazamaji ni muda. Mwanga wa Mirihi hutufikia baada ya dakika 3 hadi 22: adui akigeuza chombo kule sasa hivi, huenda utamwona chai yako ikiwa imeshapoa.