Mbona Ngorongoro Haitajwi?

Katika jabali la Behistun, nchi ya Uajemi, mfalme Dario aliamuru ichongwe sura yake akimkanyaga adui, na mbele yake wamesimama waasi 9 waliofungwa kamba shingoni. Maandishi yake yasema kwamba alipotwaa ufalme mwaka 522 kabla ya Nabii Isa, Babeli, Elamu, Media na nchi nyinginezo zilimwasi, naye akashinda vita 19. Tuyasomapo hayo hatustaajabii sana nguvu za Dario. Twastaajabia kuwa nchi hizo hazikuwa na shauri moja, hata akapata nafasi ya kuiendea kila moja peke yake.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu pia. Abushiri bin Salim al-Harthi aliinuka Pangani mwaka 1888, kampuni ya Wajerumani ilipopandisha bendera yake. Akanyongwa Desemba 1889. Wahehe walilivunja jeshi la Mjerumani kule Lugalo mwaka 1891. Isike wa Unyanyembe alikufa ngomeni mwake mwaka 1893. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wakuu wengine wa kaskazini. Mashujaa wote hao, lakini kila mmoja kwa zamu yake! Maji Maji ya mwaka 1905 ndiyo iliyokusanya makabila mengi, nayo ilikuwa kusini. Mjerumani akachoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Msomaji wetu wa Karatu atauliza: mbona nyanda zetu za juu, na Ngorongoro yenyewe, hazitajwi katika vita hivyo? Jibu li katika mazizi. Oscar Baumann, mtu wa Austria, alipoteremka katika kreta mwezi Machi 1892, aliwakuta Wamasai wamekonda kwa njaa, wake kwa watoto. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wao, na ndui ikafuata. Hao ndio watu ambao misafara ya pwani iliwaogopa miaka mingi. Mwenye kutafuta ngozi ya kutafuna ataupata wapi mkuki wa kumpinga mgeni?

Haikupita miaka mingi, walowezi wawili ndugu, Adolf na Friedrich Siedentopf, wakawa wanafuga ng'ombe ndani ya kreta ile ile. Vita ya 1914 ikauondoa utawala wa Mjerumani. Mabaki ya nyumba ya Adolf yangaliko huko mpaka leo.