Kila Jeni na Zamu Yake

Kila sekunde, uboho wa mifupa ya mtu mzima huzalisha chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2. Kila chembe imetokana na seli iliyogawanyika mara kadhaa, na kabla ya kila mgawanyiko seli hiyo ililazimika kunakili DNA yake yote. Ukiunyoosha uzi huo unafika kama mita 2, wenye jozi za besi, yaani herufi za DNA, zaidi ya bilioni 6, nao umekunjwa ndani ya kiini chenye upana wa sehemu moja ya mia ya milimita, au pungufu.

Tuichukue kromosomu ya 11, ambayo ndiyo hubeba jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini ya chembe nyekundu. Mabadiliko ya herufi moja tu katika jeni hiyo, yakirithiwa kwa baba na kwa mama, humletea mtoto ugonjwa wa selimundu. Kromosomu hiyo ina jozi za besi milioni 135. Mtambo wa protini unaonakili DNA ya binadamu husonga kwa jozi zipatazo 2,000 kwa dakika. Kama kazi ingeanzia katikati ya kromosomu, mitambo miwili ikaachana, mmoja kulia na mwingine kushoto, ingeichukua zaidi ya siku 23 kufika miisho yote miwili. Lakini seli nyingi za binadamu zinazokuzwa maabara humaliza DNA yote kwa saa 8 hivi.

Jibu la fumbo hilo lilipatikana mwaka 1968. Joel Huberman na Arthur Riggs (huyu Riggs ndiye ambaye miaka kumi baadaye alishiriki kutengeneza insulini ya binadamu kwa kutumia bakteria) walizipa seli za hamsta wa China kijenzi cha DNA chenye mionzi, kisha wakaitandaza DNA hiyo juu ya kioo na kuiacha ijichore yenyewe kwenye filamu. Kilichotokea ni mistari mingi iliyofuatana katika uzi mmoja. Kazi ilikuwa imeanzia sehemu nyingi kwa pamoja, ikisambaa pande mbili kila mahali. Ni kama barabara ndefu inayojengwa na vikosi vingi, kila kikosi kikianzia kituo chake hadi kikutane na jirani. Leo tunajua kwamba seli ya binadamu hutumia makumi ya maelfu ya vituo hivyo kila inapojinakili.

Lakini vituo vingi bila mpangilio ni vurugu. Mwaka 1986 watafiti wa Japani walizipa seli kemikali inayoingia mahali pa thimini, wakaitafuta kwa kingamwili zinazong'aa. Ndani ya kiini hakukuwa na mng'ao uliotapakaa kote. Kulikuwa na madoa madoa, mamia kwa mamia. Mwaka 1993 kundi la Peter Cook wa Oxford lilipendekeza kwamba kila doa ni karakana: mitambo imetulia mahali pamoja, na DNA ndiyo inayovutwa kupita ndani yake. Picha hiyo ilivutia, na vitabu vingi viliibeba. Mwaka 2016, kundi la Cristina Cardoso la Darmstadt, Ujerumani, lilitumia hadubini zenye uwezo mkubwa zaidi, na yale madoa yakagawanyika kuwa maelfu ya nukta ndogo, nyingi zikilingana na kituo kimoja kimoja. Kwangu mimi, ugunduzi huu wa 2016 ndio wenye uzito zaidi. Unaonyesha kwamba ujirani wa vituo unatokana na jinsi DNA yenyewe ilivyokunjwa, wala hauhitaji karakana ya kuvikusanya. Tena ujirani huo unadumu: mwaka 1998 Dean Jackson na Ana Pombo walionyesha kwamba vipande vya DNA vilivyonakiliwa pamoja hubaki pamoja hata seli ikishagawanyika tena na tena.

Hapo ndipo mahali panapogeuka kuwa wakati. DNA iliyolegea, yenye jeni zinazotumika, hukaa zaidi ndani ya kiini na hunakiliwa mwanzo. Ile iliyobanwa, iliyojishikiza kwenye utando wa kiini au kuzunguka nukleoli, kijiumbe kilicho ndani ya kiini, husubiri hadi mwishoni. Ratiba hiyo hupangwa mapema: Daniela Dimitrova na David Gilbert walionyesha mwaka 1999 kwamba huwekwa saa chache baada ya seli kuzaliwa, wakati kromosomu zinapochukua nafasi zao ndani ya kiini kipya.

Jeni yetu ya beta-globini ni ushahidi mzuri. Katika seli za uboho zinazoelekea kuwa chembe nyekundu, hunakiliwa mapema. Katika aina nyingine nyingi za seli, ambazo hazina haja ya himoglobini, jeni ile ile hunakiliwa kwa kuchelewa. Kwa panya imeonekana hata ikihama: seli inapokomaa kuelekea kuwa chembe nyekundu, jeni huachana na ukingo wa kiini na kusogea ndani. Herufi ni zile zile, ila zamu imebadilika.

Kuchelewa kuna gharama. Maeneo yanayonakiliwa mwishoni hukusanya mabadiliko mengi zaidi ya herufi, na baadhi yake, kama eneo la jeni ya FHIT kwenye kromosomu ya 3, hukatika kwa urahisi na mara nyingi hukutwa yamepotea vipande katika seli za saratani. Sababu moja ni kwamba katikati ya maeneo hayo vituo vya kuanzia ni haba, hivyo mtambo ukikwama hakuna jirani wa kuja kumalizia.

Mahali pengine jirani yupo. Kabla kazi haijaanza, seli huandaa vituo vingi kuliko itakavyovihitaji, na vingi hubaki vimelala. Watafiti walipoipunguza akiba hiyo katika seli za binadamu, seli ziliendelea kujinakili kama kawaida. Zilipopewa kiasi kidogo cha haidroksiyurea zikashindwa kustahimili, kwa sababu dawa hiyo hupunguza vijenzi vya DNA na kuichelewesha mitambo, na sasa hapakuwa na vituo vya akiba vya kuamsha.

Haidroksiyurea ndiyo hiyo hiyo wanayopewa watoto wenye selimundu, kwani huinua himoglobini ya kijusi, ambayo huzuia chembe kujipinda. Jaribio lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, likahusisha watoto wapatao 600 na kuchapishwa mwaka 2019, lilionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu makali, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo. Dozi hupandishwa polepole huku chembe nyeupe zikihesabiwa, kwa sababu seli zinazozizaa hugawanyika haraka na huwa za kwanza kuonyesha kwamba unakili umecheleweshwa kupita kiasi. Zikishuka mno, dawa husimamishwa kwa muda, uboho ukapata nafasi ya kujaza upungufu.